Dubwana Likishika: Mbinu za Kuendesha Mshiko Kwenye Mchezo wa Mezani

Siku za bamvua, maji yakishakupwa kabisa, wavuvi wa pweza wa Gazi, kijiji cha Pwani ya Kenya, hutembea juu ya miamba wakichungulia shimo baada ya shimo. Pweza akichokolewa hutoa mnyiri mmoja, kisha wa pili, vikombe vyake vikanata kwenye kifundo cha mkono wa mvuvi, huku minyiri iliyobaki ikiwa ndani imekumbatia mwamba. Mgeni wa kazi hii huvuta kwa nguvu zake zote. Mvuvi mzoefu hathubutu, maana anajua akivuta atakuwa anashindana na mwamba. Humsubiri alegee, humtoa taratibu, kisha humchoma katikati ya macho au humpindua kichwa, na kazi imekwisha.

Ningependa kila anayeendesha mchezo wa mezani wa madubwana aliwaze tukio hilo kabla hajafungua kitabu cha kanuni. Nazungumzia michezo ya jamii ya Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Watu wanne au watano wanaketi pamoja; mmoja anaongoza hadithi na kuyachezesha madubwana, wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Kupiga upanga kwenye mchezo huu hakumsumbui mtu. Unarusha dadu, unaongeza namba yako, ukiifikia kinga ya adui umempata. Lakini mchezaji akisema "namkamata", au dubwana likimzungushia mtu mnyiri, mchezo husimama. Vitabu vinafunuliwa, watu wanabishana, na ile hofu iliyokuwa imeanza kujengeka inayeyuka.

Wachezaji hawana lawama. Kanuni zenyewe zimehangaika na jambo hili kwa miongo. Kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 1979 kilitaka uhesabu asilimia, uongeze hiki, utoe kile, halafu usome jedwali ndipo ujue umemshika mtu kiunoni au shingoni. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilikuja na hatua nne: adui anakupiga kwanza kwa kukuona unamjia mwilini, kisha unajaribu kumgusa, kisha mnashindanisha dadu, kisha unaingia mahali aliposimama. Zaidi ya hapo, dubwana liliongezewa 4 kwa kila ngazi ya kimo lililomzidi binadamu, hata kumshika au kumtoka pweza mkubwa kukawa ndoto. Toleo la 2014 lilipunguza yote hayo yakawa shindano moja la dadu, na la 2024 likaenda mbele zaidi: anayeshikwa ndiye anayerusha dadu ya kujinusuru. Hapa nitatumia kanuni za 2014, kwa sababu maandishi yake ya msingi yaliachiliwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na mtu yeyote mwenye simu aweza kuyapakua bila kulipa senti.

Ninachoamini ni hiki: mshiko mzuri humwuliza mchezaji swali moja, utatokaje hapo, na swali hilo lazima liwe na majibu zaidi ya moja. Mchezaji ambaye jibu lake pekee ni kurusha dadu ileile zamu baada ya zamu amefungwa jela, hachezi tena. Kazi ya mwendesha mchezo ni kuhakikisha kila dubwana linaloshika lina mahali lilipojishikiza, linalipa kitu kwa kushika, na linaacha njia ambazo mchezaji mwenye macho anaweza kuziona.

Tuanze na hali mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kushikwa: mhusika hasogei, kasi yake ni sifuri, lakini mikono yake iko huru kupiga, kufanya uchawi, hata kunywa dawa. Ya pili ni kubanwa: hasogei, kila anayempiga anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, yeye akipiga anarusha mbili na kuchukua iliyo ndogo, na kukwepa kwake kunaharibika vilevile. Waliolelewa na filamu hudhani mtu aliyeshikwa amekwisha habari yake. Kwa kanuni hizi, kaa mkubwa hushika tu. Pweza, chatu na mamba hubana, na hao ndio wa kuogopwa.

Jambo jingine ni kwamba dubwana halishiki kama mtu anavyoshika. Mhusika anayetaka kumkamata adui hutumia pigo lake moja, lazima awe na mkono mtupu, na adui asimzidi kimo kwa zaidi ya ngazi moja. Halafu wanashindanisha: nguvu zake dhidi ya nguvu au wepesi wa adui, na anayechagua kati ya hivyo viwili ni adui mwenyewe. Dubwana lenye mshiko kwenye maelezo yake halipiti njia hiyo. Pigo lake la kawaida likimpata mtu, ameumia na ameshikwa papo hapo, kwa dadu moja tu. Pembeni huandikwa namba ya kujinasua, na mhusika akitaka kutoka hutumia zamu yake kurusha dadu ya pande 20 akiongeza ujuzi wake wa nguvu au wa wepesi. Akiifikia, yuko huru. Ukilikumbuka hili hutafungua kitabu tena katikati ya pambano.

Sasa pweza. Pweza mkubwa wa kanuni za 2014 ana kinga 11 na pointi 52 za uhai. Minyiri yake hufika futi 15, karibu mita nne na nusu. Huongeza 5 kwenye dadu ya kupiga, na pigo lake huumiza kwa dadu mbili za pande sita na kuongeza 3, yaani wastani wa pointi 10. Likimpata mtu, mtu huyo amebanwa, namba ya kujinasua ni 16, na pweza hawezi kutumia minyiri yake kwa mwingine mpaka amwachie. Kwenye karatasi anaonekana dubwana dogo. Fanya hesabu kabla hujamtupa mbele ya watu.

Mpiganaji wa ngazi ya kwanza mwenye kinga 14 na uhai wa pointi 12 hupigwa mara 60 katika 100. Akishabanwa, dadu mbili za pweza zinapandisha namba hiyo hadi 84. Mapigo mawili ya wastani yamemwangusha. Huyo mpiganaji ana 5 kwenye ujuzi wa nguvu, kwa hiyo kila jaribio la kujinasua ni nusu kwa nusu. Mganga au mchawi asiye na ongezeko lolote anahitaji 16 na zaidi, robo tu. Katika kila wachawi 100 kama yeye, 42 watakuwa bado wamebanwa baada ya majaribio matatu, kama watakuwa hai. Hapo ndipo mchezaji anapoanza kutazama simu yake, na simlaumu.

Dawa yake imo mle mle miambani Gazi. Pweza anashika kwa nguvu kwa sababu amejishikiza. Basi weka kanuni hii ya nyumbani: pweza aliyekumbatia mwamba ana namba ya kujinasua 16 lakini hawezi kumburuta mtu. Akitaka kuburuta lazima auachie mwamba, na namba inashuka hadi 13. Tayari pweza wako ana uamuzi wa kufanya kila zamu, na wachezaji wanaweza kumlazimisha aufanye. Ongeza ya pili: kila jaribio linaloshindwa linapunguza namba kwa 2, maana vikombe vya mnyiri navyo hulegea, ndivyo mvuvi anavyomsubiri. Kwa yule mchawi, wanaobaki wamebanwa baada ya majaribio matatu wanashuka kutoka 42 hadi kama 27. Bado ni hatari ya kweli, ila sasa hata kushindwa kunamsogeza mchezaji mbele.

Ya tatu ni mnyiri wenyewe. Kanuni zina dubwana la mapangoni ambalo kamba zake hukatwa moja moja, kila kamba ikiwa na kinga na uhai wake, na sioni sababu ya kumnyima pweza hali hiyo. Kila anayebanwa ameshikwa na minyiri miwili. Kila mnyiri una kinga 11 na uhai wa pointi 8, na pigo kwenye mnyiri halipunguzi uhai wa mwili. Panga linaloumiza kwa dadu ya pande nane na kuongeza 3 litakata kwa pigo moja nusu ya mara linapopata. Mmoja ukikatika, namba inashuka kwa 3 nyingine. Yote miwili ikikatika, mtu yuko huru. Pweza wa kweli huota mnyiri mpya baada ya kupoteza mmoja, kwa hiyo hata hadithi haiharibiki: mwakani mtakutana naye tena, mzima.

Wengi huogopa kuzama kuliko wanavyopaswa, na hawaogopi kuburutwa inavyostahili. Kwa kanuni, mhusika wa kawaida huzuia pumzi dakika moja, na zamu moja ni sekunde sita, kwa hiyo ana zamu 10 nzima chini ya maji. Pambano litakuwa limekwisha zamani. Ukitaka maji yatishe, sema kila pigo linalompata mtu chini ya maji linamkata zamu mbili za pumzi. Kuburutwa ni jambo jingine kabisa. Pweza huogelea futi 60 kwa zamu, akimburuta mtu ni nusu, futi 30, kama mita tisa. Binadamu asiyejua kuogelea kwa ufundi maalumu huenda futi 15 tu, na akiacha kupiga ili akimbize mwili wote hufika 30. Maana yake wenzake wanaweza kumfuata pweza au kumpiga, hawawezi yote mawili. Ukiwa mwendesha mchezo mwenye huruma, weka shimo la pweza lisizidi futi 60 kutoka pambano linapoanzia. Ukilipeleka mbali zaidi, umemwua mtu wakati wenzake wanatazama, na mezani hakuna atakayekushukuru.

Namna ya kusema pia ina uzito wake. Pweza asimshike mtu kabla ya kumgusa. Weka kundi lako ukingoni mwa mikoko, pale mililana inaposimama ikitazama bahari, maji yakiwa kifuani na yakiendelea kujaa. Mwambie mpiganaji: "Kitu baridi kimepita kifundoni. Kimerudi. Hakijabana bado. Unafanya nini?" Mwache ajibu. Akisema "nasimama kimya", akisema "naruka kwenye mzizi", akisema "nachoma kisu chini bila kuangalia", yote ni majibu, na kila moja lilipwe lake. Ndipo urushe dadu ya pweza. Ikimpata, mweleze mambo matatu kwa sauti bila kuulizwa: nini kimemshika na wapi, pweza amejishikiza wapi, na ataelekea wapi zamu ijayo. "Minyiri miwili imekuzunguka paja. Mingine sita unaiona imeng'ang'ania jiwe jeusi hatua tatu nyuma yake. Anageuza mwili kuelekea kwenye kina." Baada ya maneno hayo utamsikia mwenzake kutoka upande wa pili wa mkeka akisema, "Kaka, achana na mguu wako, mimi napiga hilo jiwe."

Msaada wa mwenzake usikose kamwe. Kanuni inamruhusu mhusika atumie zamu yake kumsaidia aliyeshikwa, na aliyeshikwa hurusha dadu mbili achukue kubwa. Yule mpiganaji wa nusu kwa nusu anapanda hadi mara 75 katika 100, na mchawi wa robo anafika 44. Wachezaji wapya hawalijui hili kwa sababu kila mmoja anawaza zamu yake. Wakumbushe mara ya kwanza. Ya pili waache wakumbuke wenyewe.

Kaa anafundisha somo jingine, na kwa maoni yangu ndiye wa kuanza naye. Kaa mkubwa ana kinga 15, uhai wa pointi 13, magando mawili, na kila gando hushika mtu mmoja. Namba ya kujinasua ni 11 tu, na hafiki mbali zaidi ya futi 5. Hapo kwenye ufikaji ndipo tofauti yake na pweza ilipo. Mshiko hukatika mtu akitolewa nje ya masafa ya anayemshika. Mwenzako akimsukuma kaa futi 5 kuelekea upande ulio mbali nawe, gando halikufiki tena, uko huru, na zamu yako hujaitumia. Mpiganaji mwenye 5 dhidi ya kaa mwenye 2 hufaulu kusukuma kama mara 62 katika 100. Pweza hasukumiki hivyo, maana mnyiri wa futi 15 unakufuata. Kundi lililojifunza kusukuma kwa kaa, halafu likajaribu kumsukuma pweza likaona bado mtu ameshikwa, limeelewa kanuni ya masafa bila wewe kuisoma.

Wanaotafuta kaa kwenye mikoko ya Gazi kwa kijiti chenye ndoano wanajua pia kwamba kaa aliyezidiwa huliacha gando lake akakimbia, na gando lililoachwa laweza kuendelea kuuma. Litumie hilo. Kaa akibakiwa na nusu ya uhai, anaangusha gando na kupotea topeni. Mtu bado ameshikwa, na sasa hakuna wa kumpiga. Gando lina kinga 15 na uhai wa pointi 4, na linaumiza pointi 1 kila zamu mpaka livunjwe. Ni kitu kidogo, lakini nimeona watu wazima wakisimama kutoka kwenye mkeka kwa sababu yake. Na wachezaji wakitaka kumkamata kaa wao, wape faida ya dadu mbili wakimjia kwa nyuma, kwa kuwa ndivyo kaa anavyokamatwa, kisha wadai kamba ya kumfunga magando. Asiye na kamba amebaki na kaa mkononi, na mkono huo hauna kazi nyingine.

Kwenye mashimo yaleyale ya pweza hukaa samaki aitwaye mkunga, na mkono ulioingia kumtafuta pweza huweza kutoka na mkunga. Kanuni za msingi hazina mkunga mkubwa. Mjenge kutoka kwa mamba, ambaye ana kinga 12, uhai wa pointi 19, na taya linaloumiza kwa dadu ya pande 10 na kuongeza 2, hubana, na namba yake ni 12. Kisha mpe kilicho chake. Mwaka 2007 wanasayansi walieleza kwamba mkunga ana taya la pili kooni, linalosogea mbele kukamata windo na kulivuta ndani. Kwa hiyo zamu yake inayofuata, kama mtu bado ameshikwa, taya la pili linafika: dadu moja ya pande sita ya maumivu, na namba ya kujinasua inapanda hadi 14. Meno yake yameelekea ndani, na anayejivuta kwa nguvu anajichana. Akifaulu kutoka kwa nguvu peke yake anapoteza pointi za dadu ya pande nne. Njia isiyochana ni mwenzake kuingiza mpini wa kasia kinywani na kupanua, na hapo msaada unakuwa na sura ambayo kila mtu anaiona. Pweza hulegea na muda. Mkunga huzidi kukaza. Ukiwaweka wote wawili kwenye mwamba mmoja, wachezaji wanaopeleka mkono shimoni watatetemeka kwa haki.

Chatu nitampitia haraka. Ana uhai wa pointi 13, namba yake ni 14, hubana. Utafiti wa 2015 juu ya nyoka wa jamii ya boa ulionyesha kwamba mbano wao husimamisha mzunguko wa damu upesi, kinyume na ile imani kwamba windo hufa kwa kukosa pumzi tu. Mhusika aliyebanwa zamu mbili mfululizo ajaribu kujinusuru kwa uthabiti wa mwili, namba 12, akishindwa azimie zamu moja. Wenzake wataacha kumpiga chatu mmoja mmoja, watakimbilia mkia wamkunjue.

Usisahau tope. Gazi ina daraja la mbao la akina mama linalopita ndani ya mikoko, nalo ni ramani iliyo tayari: juu ya mbao mtu anatembea kasi yake kamili, akishuka anatembea nusu, na akianguka au akisukumwa tope linamshika, namba 12. Tope halina uhai na haliuliwi. Panga halisaidii. Hapo mchezaji anakumbuka kulala kifudifudi autawanye uzito, kushika mzizi mrefu wa mkoko, kuomba ubao. Napenda kuweka tope kabla ya dubwana lolote, kwa sababu linamzoesha mtu kutafuta njia ya kutoka kabla hajazoea kupiga tu.

Kuhusu zana. Baraza zetu zimezoea bao, dhumna na karata, lakini dadu mikononi mwa vijana baada ya magharibi huwapa wazee wasiwasi wa kamari, na wasiwasi huo ni wa haki. Tafuta vizibo 20 vya soda, uviandike namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, uvitie kwenye mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani. Anayetakiwa kurusha dadu anatia mkono, anachomoa kimoja, anasoma, anakirudisha, anatikisa. Kukirudisha ni lazima, la sivyo namba kubwa zikishatoka hazitoki tena na hesabu zote nilizokupa zinavunjika. Kwa dadu za pande sita fanya mfuko wa pili wa vizibo sita. Mzee akipita, mwamkie kwanza, mwoneshe mfuko, mwambie hapa hakuna pesa na hakuna anayeshindwa. Mara nyingi atakaa asikilize, na akiwa amewahi kuvua atakusahihisha pweza wako.

Jambo moja nalisisitiza kwa wenzangu wa Pwani. Tuna viumbe wa bahari wa kutosha kujaza hadithi za miaka. Hakuna haja ya kuwafanya majini kuwa madubwana ya kupigwa panga, kwenye kijiji ambapo mtu aliyeketi karibu nawe huenda ana mgonjwa nyumbani anayehusishwa nao. Wala usiweke pambano lako ndani ya kaya. Kaya Kinondo iko jirani na Gazi, ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wake wapo, na heshima yao si kitu cha kuchezea. Mikoko, miamba na mlango wa ghuba vinakutosha.

Kwa mara ya kwanza, chukua saa mbili, wachezaji watatu, kaa mmoja mkubwa na tope. Waache wajifunze kusukuma na kusaidiana. Wiki inayofuata lete pweza, ukiwa umeandika kwenye kipande cha karatasi mambo manne tu: 16 akiwa kwenye mwamba, 13 akiburuta, 2 hupungua kwa kila jaribio, mnyiri una pointi 8. Kitabu kiache kimefungwa. Na kama unapoishi kuna mvuvi wa pweza, nenda naye miambani bamvua ijayo, umwombe akuonyeshe anavyomtoa, kisha uje uendeshe mchezo.